Mbuyu wenye uvungu kiwanjani: umri wake hujulikanaje, na je, uvungu ni dalili ya kufa?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nimepata kiwanja cha mita 40 kwa 60 pembezoni mwa Jiji la Dodoma, upande wa kuelekea Chamwino. Karibu na kona ya kusini pana mbuyu ambao tumeupima kwa futi kamba usawa wa kifua tukapata mzunguko wa mita 14 na sentimita kadhaa. Una tundu upande wa magharibi, na ndani wanaweza kukaa watu watatu. Mzee jirani anasema mti huu una zaidi ya miaka 2,000, ulikuwapo kabla ya watu kufika huku, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kuona mbuyu mchanga. Fundi wangu anasema umekwisha kufa kwa ndani na utaangukia nyumba, na kwamba tukiukata tutahesabu miviringo ya shina tujue umri wake kamili. Kijana wangu wa sekondari amesoma kwamba mbuyu una lita 120,000 za maji. Nani kati yao yuko sahihi? Nijenge, niukate, au nikabadilishe kiwanja?"

Marahaba, ndugu yangu, na ahsante kwa swali lenye vipimo. Ninaona hofu mbili katika maneno yako. Unaogopa kuangusha kwa siku moja kitu ambacho hakitarudi katika uhai wako wala wa wajukuu wako, na unaogopa pia kuwalaza watoto karibu na mti unaoweza kuwaangukia. Zote mbili ni hofu za haki, na ninashukuru kwamba umeuliza kabla fundi hajaanza kuchimba msingi. Kwa kifupi, kila mmoja wa washauri wako ameshika sehemu ya ukweli na hakuna aliye sahihi kabisa. Mti wako huenda una karne kadhaa na unaweza kukaribia miaka 1,000, lakini ukubwa wake peke yake hauthibitishi miaka 2,000. Miviringo haitakupa umri wake. Uvungu si ushahidi wa kufa. Nyumba unaweza kuijenga, ila kwa masharti ambayo nitayaeleza.

Nianze na miviringo. Katika nchi zenye baridi kali, mti husimama kukua wakati wa baridi na kuanza tena joto linaporudi, na kila mwaka huacha ndani ya shina mstari mmoja ulio wazi, kwa hiyo anayehesabu mistari anahesabu miaka. Dodoma haina baridi ya namna hiyo, lakini ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu, na mtu angeweza kutarajia kwamba mbuyu nao utaacha mstari kila mwaka. Kwa kiasi fulani huacha. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya ubao wake ni seli laini za kuhifadhia maji, nyuzi ngumu zikiwa chache katikati yake, kwa hiyo mstari hutoka hafifu na pengine hupotea kabla ya kulizunguka shina lote. Mvua zikikatika katikati ya msimu, jambo ambalo wakulima wa huku wanalijua vizuri, mti unaweza kusimama kukua na kuanza tena, ukaacha mistari miwili ndani ya mwaka mmoja. Na ukija mwaka wa ukame mkubwa, huenda usiache hata mmoja. Tena katika mti wako sehemu ya kati, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye miaka ya mwanzo, haipo. Fundi wako angeua mti, akahesabu alichokiona, na bado angekuwa anabahatisha.

Kubahatisha umri wa mbuyu ni jambo la zamani, na waliokosea si watu wadogo. Mwaka 1749 mwanasayansi Mfaransa Michel Adanson, ambaye jina la kitaalamu la mibuyu, Adansonia, linatokana naye, alikuta kwenye visiwa vilivyo karibu na Dakar ya leo, nchini Senegali, mibuyu iliyochongwa majina ya mabaharia wa Ulaya waliopita hapo karne kadhaa kabla yake. Alitazama jinsi mti ulivyokua juu ya michoro ile, akakadiria kasi ya kunenepa, kisha akapiga hesabu kwa miti minene zaidi na kupata kwamba mbuyu mkubwa ungeweza kuwa na miaka 5,150. Hesabu ilikuwa ya mtu makini, lakini ilisimama juu ya dhana kwamba mti huongezeka unene kwa mwendo unaotabirika, na kwa mbuyu dhana hiyo haishiki. Ndiyo maana hata leo utasikia miaka elfu tano ikitajwa kwa mibuyu ya huku kwetu bila mtu kujua ilitoka wapi.

Njia inayoaminika hutegemea kaboni. Hewa tunayovuta ina kiasi kidogo sana cha kaboni ya aina ya 14, ambayo huzalishwa juu angani na miale itokayo anga za mbali. Mti huifyonza kwa majani pamoja na hewa ukaa nyingine, ukaitumia kujenga ubao. Ubao ukishakamilika haupokei kaboni mpya, na ile kaboni 14 iliyomo huanza kuoza taratibu, nusu yake ikipotea kila baada ya miaka 5,730 hivi. Kwa mwendo huo, ubao uliotengenezwa miaka 1,000 iliyopita umepoteza kama asilimia 11 ya kaboni yake ya aina hiyo, na mashine za leo hupima upungufu huo kwa kipande cha uzito wa miligramu chache tu. Mwanakemia Mmarekani Willard Libby alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960 kwa kuibuni njia hii. Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliongeza kaboni 14 angani hadi karibu maradufu, na kila mti uliokuwa unakua wakati huo umebeba alama hiyo katika ubao wake. Mbuyu wa kiwanjani kwako nao unayo, mahali fulani karibu na gome.

Mbuyu wa kwanza kupimwa kwa njia hiyo ulikuwa karibu na Kariba, Zimbabwe ya leo, na matokeo yake yalichapishwa na E. R. Swart mwaka 1963. Nina sababu ya kukutajia mti huo: kipenyo chake kilikuwa kama mita 4.5. Ukigawanya mita zako 14 na ushee kwa 3.14, utapata kipenyo kinachokaribiana nao sana. Ubao wa kiini cha mti ule ulikuwa na miaka 1,010, pungufu au zaidi kwa miaka 100, na ubao wa katikati ya njia kutoka kiini hadi gome ulikuwa na miaka 740. Yaani mti ulitumia kama miaka 270 kujenga nusu ya ndani ya unene wake, kisha ukatumia zaidi ya miaka 700 kuongeza nusu ya nje. Mbuyu hunenepa haraka ujanani na polepole uzeeni, na kosa la Adanson liko papo hapo.

Sasa usichukue mti wa Kariba ukaufanya rula ya mti wako. Mbuyu wa Sunland nchini Afrika Kusini, ambao wenyewe walifungua baa ndani ya uvungu wake, ulikuwa na mzunguko wa zaidi ya mita 30, lakini vipimo vya kaboni viliupa miaka kama 1,100 hivi. Mbuyu uliojulikana kama Panke, nchini Zimbabwe, ulikuwa mwembamba kuliko huo, kama mita 25, na vipimo vikaonyesha miaka ipatayo 2,450, umri mkubwa kuliko wa mti wowote wa jamii ya mimea itoayo maua uliowahi kupimwa. Mwembamba ulikuwa na umri wa zaidi ya mara mbili ya mnene. Unene wa mbuyu hueleza zaidi habari za maji na udongo kuliko habari za miaka: mti uliosimama bondeni, mahali mkondo wa mvua unapopita, hunenepa kuliko mwenzake wa rika moja uliosimama juu ya mwamba. Tena mzunguko hupungua kiangazi na kuongezeka mvua zinaponyesha, kwa hiyo hata kipimo chako kingebadilika kidogo ukikirudia Machi.

Jambo jingine lililowachanganya watu kwa muda mrefu ni kwamba mibuyu mingi mikubwa si shina moja. Adrian Patrut wa Chuo Kikuu cha Babeş-Bolyai nchini Romania, aliyepima mibuyu mingi ya Afrika pamoja na wenzake, alionyesha kwamba mbuyu huweza kutoa mashina mapya katika maisha yake, na mashina hayo, yakisimama kwa mduara, hunenepa mpaka yanagusana na kuungana kuwa kitu kinachoonekana kama shina moja kubwa. Katikati hubaki nafasi ambayo haikuwahi kuwa na ubao hata siku moja. Hiyo ndiyo asili ya baadhi ya mavungu tunayoyaona. Kinachoyatambulisha ni umri wa ubao: ukipima kutoka ukuta wa ndani kwenda nje, umri huongezeka kwanza, kisha hupungua, kwa kuwa kila shina katika mduara lina kiini chake.

Hapo ndipo tunapofika kwenye hofu ya fundi wako. Ingia ndani ya tundu mchana, ukiwa na tochi, na utazame ukuta. Ukikuta gome laini linalofanana na lile la nje, huenda unatazama uvungu wa aina hiyo niliyoieleza. Ninasema huenda, kwa sababu mbuyu una uwezo mwingine ambao miti mingi haina: ukichunwa gome au ukiunguzwa na moto, hufunika jeraha kwa gome jipya, na unaweza kufanya hivyo hata ndani ya uvungu uliochimbwa na kuvu, moto au tembo. Kwa hiyo gome la ndani halitoshi kutofautisha aina hizo mbili za uvungu. Linachoonyesha bila shaka ni kwamba ukuta huo uko hai.

Uhai wa mti haukai katikati ya shina. Uko kwenye tabaka jembamba chini ya gome, linalozalisha ubao kwa ndani na gome kwa nje, na kwenye ubao wa karibu na tabaka hilo, unaopandisha maji. Kwa mbuyu lipo pia tabaka la kijani chini ya ngozi ya juu ya gome, linalousaidia mti kujitengenezea chakula hata wakati hauna majani. Katikati pakiwa patupu, kazi hizo zote huendelea. Ushahidi mzuri uko Kordofan, nchini Sudan, ambako kwa vizazi vingi watu walichimba mashina ya mibuyu kwa makusudi wakahifadhi ndani yake maji ya mvua ya kutumia kiangazi, na miti hiyo ikaendelea kuishi na kutoa majani. Mti uliogeuzwa ghala la maji na bado ukachipua hauwezi kuitwa mfu kwa sababu ya uvungu tu.

Kuwa hai na kuwa imara, hata hivyo, ni mambo mawili tofauti, na hapa fundi wako ana hoja. Shina lenye uvungu hujitegemeza kama bomba la chuma: nguvu yake iko kwenye ukuta, na uwazi wa kati haulidhuru sana mradi ukuta uwe mnene na usiwe na ufa. Wakaguzi wa miti ya kawaida hutumia kigezo kwamba unene wa ukuta mzima usipungue sana chini ya theluthi moja ya nusu-kipenyo. Kwa mti wako nusu-kipenyo ni kama mita 2.2, kwa hiyo tungetaka ukuta wa kiasi cha sentimita 70 au 75. Kwa mbuyu napendelea kuwa mkali zaidi, kwa sababu ubao wake ni laini na mwepesi, na sehemu kubwa ya ugumu wake hutokana na maji yaliyojaa katika seli zake. Pia tundu la kuingilia ni pengo katika ukuta, na pengo pana hudhoofisha kuliko uvungu uliofungwa pande zote.

Hayo maji ndiyo yanayonirudisha kwa kijana wako. Ubao mbichi wa mbuyu unaweza kuwa na maji hadi kiasi cha robo tatu, hilo ni kweli. Lakini chukua shina la kipenyo cha mita 4.5 na urefu wa mita 6, lisilo na uvungu hata kidogo: ujazo wake wote ni mita za ujazo 95, ambazo ni lita 95,000 za ubao na maji kwa pamoja. Lita 120,000 zinaweza kusemwa kwa majitu machache tu, si kwa mti wenye chumba cha watu watatu ndani. Na maji hayo hayachotwi. Yamefungwa ndani ya seli. Tembo wa Ruaha na Tarangire huyapata kwa kung'oa gome na kutafuna ubao wenyewe, jambo linaloacha majeraha makubwa. Uchunguzi uliofanywa kwenye mibuyu ya Madagaska ulionyesha kwamba mti hutumia akiba hiyo zaidi kwa kuchipusha majani mapya kabla mvua hazijaanza, kuliko kwa kujinywesha kiangazi kizima. Kiangazi mbuyu huokoa maji kwa kuangusha majani, na matawi yake matupu ndiyo yaliyozaa ile simulizi maarufu kwamba ulipandwa kichwa chini.

Mzee wako mwambie kwa heshima zote kwamba mibuyu michanga ipo, ila haitambuliki. Mche wa mbuyu huanza na majani ya kipande kimoja kimoja, tofauti na yale ya mti mkubwa yaliyogawanyika kama vidole, na shina lake ni jembamba lisilo na kitambi. Watu wengi hupita kando yake wakidhani ni kichaka kingine, na mbuzi hupita wakaula. Upungufu wa mibuyu ya umri wa kati katika maeneo yetu ni wa kweli, na mifugo ina mchango mkubwa katika hilo.

Lile la mti kuwapo kabla ya watu halina njia ya kuwa kweli. Katika pango la Kisese II, Kondoa, wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni ambazo, kwa kipimo kilekile cha kaboni, zina zaidi ya miaka 40,000. Hata Panke ulikuwa mche mchanga sana mbele ya umri huo. Mimi huona jambo hilo ni la kustaajabisha kuliko umri wa mbuyu wowote, na ninasikitika kwamba wanafunzi wengi wa Dodoma humaliza shule bila kulisikia, ilhali Kondoa iko ndani ya mkoa wao.

Ukubali au usikubali kuukata, usidhani ni kazi ya asubuhi moja. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha pale Kongwa mradi mkubwa wa karanga, ikikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Mibuyu ilikuwa miongoni mwa vikwazo vya mwanzo kabisa. Ilisumbua matingatinga, na mizinga ya nyuki iliyokuwa ndani ya mavungu iliwatoa wafanyakazi mbio. Habari za mradi huo hutaja pia mbuyu mmoja uliokuwa ukitumika kama jela na mwingine ambao wenyeji waliufanyia matambiko. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36, kwa sababu kubwa kuliko mibuyu: mvua haba na udongo uliokuwa ukikauka na kuwa mgumu mno. Kwa upande wako, nyuzi zilizoloa za mbuyu huziba mnyororo wa msumeno, gogo halifai kwa mbao wala kuni za maana, na rundo linalobaki huoza na kuvutia wadudu kwa muda mrefu. Gharama hiyo iingize kwenye hesabu kabla ya kuamua.

Ushauri wangu, kwa maelezo uliyonipa, ni kwamba usiukate na usihame. Kiwanja cha mita 60 kwa urefu chenye mti kwenye kona kinakupa nafasi ya kujenga upande wa kaskazini. Mtafute mtu akadirie urefu wa mti, kisha nyumba iwe mbali na shina kuzidi urefu huo kwa mita chache, ili hata likitokea la kutokea lisifike paani. Mizizi ya mbuyu haiendi chini sana, lakini hutambaa kwa makumi ya mita, kwa hiyo kadiri msingi, shimo la maji taka na mtaro wa bomba vitakavyokaa mbali na shina ndivyo mti utakavyobaki imara. Usifukie udongo kuzunguka shina kusawazisha kiwanja, usimwage zege chini yake, na usiegeshe magari hapo, maana udongo ulioshindiliwa huinyima mizizi hewa. Uvungu usiujaze saruji. Mafundi wengi hupendekeza hivyo kwa nia njema, lakini saruji hufungia unyevu ndani, haifuati mti unapotanuka na kusinyaa, na hukufichia ubovu ambao ungeweza kuuona mapema. Watoto wazuiwe kuchezea humo ndani na chini ya matawi wakati wa upepo mkali na mvua kubwa.

Kama kiwanja kingekuwa kidogo, tuseme mita 20 kwa 20, ningekujibu tofauti. Hapo ningekushauri ujaribu kwanza kuomba mabadiliko ya kiwanja, na hilo likishindikana ningekubali kwamba usalama wa watu hutangulia.

Kuhusu umri, kipimo cha kaboni kwa mti wako kingeweza kufanyika bila kuuangusha, kwa vipande vidogo kutoka ukuta wa uvungu. Lakini maabara za kazi hiyo ni chache, gharama si ndogo, na kama sehemu ya kati iliwahi kuwapo ikaoza, utapata umri wa chini tu, yaani miaka ambayo mti hauwezi kuwa nayo pungufu. Isipokuwa uwe unakusudia kuutambulisha kama kivutio, sioni sababu ya kutumia fedha zako huko. Kumbukumbu za wazee wa kijiji na picha za zamani za anga zinazohifadhiwa na ofisi za upimaji na ramani zinaweza kukuonyesha kama mti ulikuwa mkubwa hivyo miaka 50 au 60 iliyopita, na hilo halina gharama kubwa.

Huenda umesikia pia kwamba mibuyu mikongwe ya Afrika inakufa. Mwaka 2018 kundi la Patrut lilichapisha kwamba kati ya mibuyu 13 yenye umri mkubwa zaidi waliyoijua, 9 ilikufa au kuporomoka kwa sehemu tangu mwaka 2005, Panke na Sunland ikiwamo. Walishuku mabadiliko ya tabianchi bila kudai kwamba wamethibitisha. Miti hiyo yote ilikuwa kusini mwa Afrika, kwa hiyo usiichukue kama hukumu juu ya mbuyu wa Dodoma. Ichukue kama sababu ya kuutazama mti wako kwa makini zaidi.

Zipo dalili ambazo ukiziona usisubiri wala usiandike swali jingine, umwite mtu auone mti kwa macho: ufa mpya unaopanda kutoka kwenye tundu, gome lililobonyea na kuwa laini ukilibonyeza kwa kidole gumba, majimaji yenye harufu mbaya yanayochuruzika shinani, udongo ulioinuka au kupasuka upande mmoja wa mti, kuegama ambako hakukuwapo mwaka jana, au tawi kubwa lililobaki tupu ilhali mengine yamejaa majani. Mbuyu unaokufa haukauki na kusimama miaka mingi kama mninga. Maji yakipotea ubao hulegea, na shina lote laweza kuporomoka ghafla.

Hata kama huoni dalili yoyote kati ya hizo, kwa kuwa unajenga makazi, ningependa mti ukaguliwe mara moja na mtaalamu kabla ya msingi kuchimbwa. Anza na afisa misitu wa halmashauri yako au ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ambao pia watakueleza utaratibu wa kibali iwapo siku moja italazimu kukata au kupunguza matawi. Ukihitaji uchunguzi wa kina, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Taasisi ya Utafiti wa Misitu, zote za Morogoro, zina watu wa kazi hiyo. Wapelekee ramani ya kiwanja, mzunguko ulioupima pamoja na tarehe ya kipimo, na picha za shina kutoka pande nne na za ndani ya uvungu. Ukaguzi ukifanyika sasa wakati wa kiangazi, omba mtaalamu arudi tena baada ya wiki chache za mvua, kwa sababu mti usio na majani Oktoba hausemi chochote kuhusu afya yake, na tawi lililokufa hujulikana tu wenzake wanapochipua.